FreeCAD 1.0: kubadilisha rulema bila mchoro wa mashini kuvunjika

Rulema ya namba 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje wa milimita 52 na unene wa milimita 15. Ile ya 6206 ina 30, 62 na 16. Fundi wa mashini ya kusaga muhogo anayetaka chuma cha kuzungusha kilicho kinene zaidi anajua kazi inayomngoja: kuchonga upya chuma hicho, kupanua makao ya rulema, kukaza buloni. Lakini yule anayechora mashini hiyo kwenye ordinatere kwa programu ya bure ya FreeCAD, kwa miaka mingi badiliko hilo dogo liliweza kumpotezea siku nzima.

Ndani ya mchoro, vipande havishikwi na buloni. Vinashikwa na viungo, yaani amri ambazo mchoraji anaandika: uso huu ugusane na ule, tundu hili likae kwenye mstari mmoja na chuma kile. Mtu anaona uso. Programu yenyewe inaona jina tu: Face1, Face2, Face6. Sasa mchoraji akitoboa tundu jipya au akikata pembe, programu inahesabu nyuso upya, na Face6 ya jana inaweza kuwa upande mwingine kabisa. Kiungo kinafuata jina. Rulema inaruka nje ya makao yake, ama inageuka, ama alama nyekundu za makosa zinajaa kwenye skrini.

Alama nyekundu si mbaya sana, kwani zinaonekana. Hatari ni kiungo kinachoshika uso usio wake, bila kelele, kwa tofauti ya milimita chache. Kosa hilo linagunduliwa kwenye atelie, chuma kikiisha kukatwa.

FreeCAD, iliyoanza kutolewa mwaka wa 2002, ilifikia toleo la 1.0 katika mwezi wa 11 mwaka wa 2024. Toleo hilo linatunza vizuri zaidi majina ya nyuso, kwa kukumbuka kila uso ulitoka wapi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilianzishwa na mtayarishaji anayejulikana kwa jina la realthunder, miaka kadhaa kabla haijaingizwa katika programu rasmi. Tatizo limepungua. Halijaisha.

Toleo hilo pia lilileta sehemu yake lenyewe ya kuunganisha vipande. Mbeleni watu walilazimika kuchagua kati ya nyongeza kama A2plus, Assembly3 na Assembly4, na mchoro wa moja haukuwa wa nyingine.

Programu za kulipia nazo haziponi. SolidWorks na Inventor zina amri ya kubadilisha kipande, lakini viungo vinabaki vizuri hasa pale kipande kipya kimetokana na nakala ya kile cha zamani. Kikichorwa upya toka mwanzo, hata kama kinafanana kwa macho, nyuso zake ni ngeni, na mchoraji anaweza kulazimika kuzionyesha moja moja. Inventor inaruhusu kuweka kwenye kipande kiungo chenye jina mapema, kinachoitwa iMate. Kipande kipya chenye jina lilelile kinakamatika penyewe.

Assembly4 ilipita njia inayokaribiana na hiyo: kuunganisha vipande kwa alama ambazo mchoraji ameweka na kuzipa jina mwenyewe, si kwa nyuso. Kwa mashini ya muhogo, alama inawekwa katikati ya tundu la rulema. 6205 ikitoka na 6206 ikiingia, upana unabadilika lakini katikati inabaki palepale. Ni dakika chache za kazi mwanzoni, na wanafunzi wengi wanaziruka.

Ondsel, kampuni iliyosukuma sana ile sehemu mpya ya kuunganisha, ilitangaza kufunga milango mwaka uleule wa 2024, wiki chache kabla ya toleo la 1.0 kutoka. Kwa kuwa kodi yake ilikuwa wazi kwa wote, ilibaki ndani ya FreeCAD, na yeyote anaweza kuipakua bila kulipa, kisha kuitumia bila intaneti.