Jibini ya Chumvi: Itunzwe Vipi, Itupwe Lini?

Mwezi huu tunazungumzia jibini nyeupe inayohifadhiwa katika maji ya chumvi. Wengi wetu hudhani kwamba chakula chenye chumvi hakiozi. Sivyo. Chumvi huvuta maji kutoka katika jibini, na vijidudu vya uozo vikikosa unyevu huzaana polepole. Lakini havifi vyote.

Namna ya kuitunza

1. Iweke katika chombo safi cha kioo au cha plastiki chenye mfuniko. Sufuria ya alumini haifai, kwa sababu huliwa na chumvi.
2. Jibini yote izame. Kipande kinachochungulia juu ya maji ndicho kinachoota ukungu kwanza.
3. Tumia maji ya chumvi yaliyokuja nayo. Yakipungua, chemsha lita 1 ya maji pamoja na gramu 70 za chumvi, yaani vijiko 4 vya mezani visivyojaa kupita kiasi, kisha yapoe kabisa kabla ya kuyamimina.
4. Weka katika friji. Jibini iliyotolewa majini iliwe ndani ya wiki 1. Isikae mezani zaidi ya saa 2; penye joto kali, saa 1 tu. Asiye na friji anunue ya kula siku hiyo hiyo.
5. Itoe kwa uma au kijiko safi, kamwe si kwa vidole.

Dalili za kuharibika

Harufu ya uchachu kidogo na maji yenye weupe kidogo si kosa. Lakini itupe ukiona utelezi juu yake, maji yanayovutika kama ute, mapovu, mfuniko uliovimba, harufu ya kuvunda, au ukungu wa rangi yoyote. Usiionje ili kuhakikisha. Jibini ngumu yenye ukungu inaweza kukatwa sentimita 2.5 kuzunguka mahali palipoathirika, lakini jibini laini itupwe yote, maana mizizi ya ukungu hupenya ndani bila kuonekana.

Hatari isiyo na harufu

Hapa ndipo tunapoomba usikivu wenu. Jibini iliyooza hujitangaza yenyewe. Yenye ugonjwa hunyamaza. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bruselosi, ule ugonjwa unaowafanya ng'ombe kutupa mimba. Mtu akiupata hupatwa na homa za mara kwa mara, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Kijidudu kingine, listeria, hustahimili chumvi na huongezeka hata ndani ya friji. Mwaka 1985 huko Los Angeles, Marekani, watu 142 waliugua kwa sababu yake, wengi wao kutokana na jibini laini. Vifo vilikuwa 48, na 30 kati yake vilikuwa vya watoto waliokuwa bado tumboni au waliozaliwa punde.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, tuulize: maziwa yalichemshwa? Asiyejua kujibu, tusinunue kwake. Mama mjamzito, mzee na mgonjwa wale jibini hii ikiwa imepikwa hadi itokote. Na mwenye homa isiyokwisha aende zahanati mapema, na amweleze mganga kwamba alikula jibini ya maziwa mabichi. Neno hilo moja linaweza kuokoa maisha.