Mama na Mti Wake



Mwulizeni mtoto wa Mara kuni zatoka wapi, huenda akajibu, "Kwa mama." Hakukosa. Katika vijiji vya Musoma, Bunda na Butiama nyumba nyingi hupikia kuni, na wenye kuzitafuta ni mama na binti zake. Mti wa karibu ukikatwa, baba hukosa kivuli, bali mama huzidishiwa safari. Chakula hukawia, na binti huchelewa shuleni. Tena mvua huchukua udongo usioshikwa na mizizi, na shamba alilimalo mama hudhoofika.

Wazee waliyaona mambo haya kwa njia yao. Huko Butiama, mwana wa Mugaya na Chifu Nyerere Burito, aliyezaliwa mwaka 1922, aliitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua. Na pepo huyo alihesabiwa kuwa wa kike. Msitu wa Muhunda nao waliuheshimu, wasiukate ovyo. Sisi hatuabudu pepo wala miti. Lakini je, yafaa aliyemjua Muumba awe mharibifu kuliko wao? Hata Debora, mwamuzi wa Israeli, aliwaamulia watu akiketi chini ya mtende.

Jirani zetu wa Kenya wametupa mfano. Mwaka 1977 Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, alianzisha kazi ya Ukanda wa Kijani. Wanawake wa vijijini walikusanya mbegu, wakaotesha miche, wakapanda miti mamilioni. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika. Alipofariki mwaka 2011, jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu ya majini, mti usikatwe kwa ajili yake.

Lakini liko neno zito. Mama huunywesha mche wakati wa kiangazi kwa maji aliyoyateka mwenyewe. Mti ukikomaa, mume huuza mbao pasipo kumwuliza. Naye mjane huambiwa, "Shamba ni la ukoo." Sivyo isemavyo sheria: Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zampa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanamume.

Basi, akina baba, kabla ya masika chimbeni mashimo karibu na nyumba. Pandeni mijohoro, ambayo kisiki chake huchipuka tena. Kisha semeni mbele ya watoto wote, "Miti hii ni ya mama yenu." Nanyi walimu, wavulana nao na wachote maji ya miche, wasiachiwe wasichana peke yao.