Uliwahi kujifungua njiti? Wahi kliniki, zipo kinga bila kisu

Mama aliyewahi kujifungua mtoto njiti, yaani kabla ya wiki 37, ana hatari kubwa zaidi ya kujifungua njiti tena. Lakini si kila mmoja anahitaji kushonwa mlango wa kizazi. Zipo njia nyingine, ila zina muda wake. Ukisubiri tumbo lionekane ndipo uende kliniki, baadhi zinakupita.

Projesteroni
Hii ni homoni inayotuliza mfuko wa uzazi. Dawa yake huwekwa ukeni kila siku. Inamsaidia zaidi mama ambaye mlango wa kizazi umefupika, chini ya milimita 25. Hilo linaonekana kwa ultrasaundi ya ukeni, kati ya wiki ya 16 na 24. Kama uko Bahi, Kongwa au Chemba na zahanati yako haina kipimo hicho, omba rufaa mapema ukaonwe na daktari bingwa wa wanawake. Dodoma mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Aspirini ya dozi ndogo
Mama mwenye hatari ya kifafa cha mimba hupewa, na ni vizuri aanze kabla ya wiki ya 16. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika katika nchi 6 zikiwemo Kenya, Kongo na Zambia, ulifuatilia karibu wanawake 12,000 ambao hawajawahi kuzaa. Kwa waliomeza miligramu 81 kila siku, kujifungua njiti kulipungua kwa asilimia 11 hivi.

Kutibu magonjwa
Maambukizi ya mkojo, malaria, kaswende na presha vyote vinaweza kuleta njiti. Pima mkojo, damu na presha, meza SP unapopewa kliniki, na lala kwenye chandarua.

Vipi kulala kitandani muda wote?
Haijathibitika kwamba kunazuia njiti. Punguza kazi nzito kama kubeba ndoo za maji, lakini usiache dawa ukitegemea kulala tu.

Usinunue dawa hizi dukani kwa kusikia kwa jirani. Na ukiona damu, maji yanavuja au tumbo linakaza kila mara kabla ya wiki 37, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Ukiwahi, daktari anaweza kukuchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto kabla hajazaliwa.