Je, Wajua? Kiu ya Turkana Imo Ndani ya Seli

Kiangazi kikikaza, akina mama wa Kakuma, Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, hufukua mchanga wa mto Tarach, wakachota maji kidogo kidogo. Figo zao nazo zina kazi.

Mwaka 2025, jarida la Science lilichapisha utafiti, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) ikishiriki, ulioonyesha kwamba Waturkana wamerithi mabadiliko karibu na jeni ya STC1. Mwili ukikaukiwa, homoni ya kuhifadhi maji huziashiria seli za figo, nazo huongeza protini ya jeni hiyo. Huenda protini hiyo pia hulinda figo dhidi ya taka zitokanazo na nyama na damu, chakula cha wafugaji tangu zamani.

Wanaohamia mijini hupata zaidi presha na unene, na watafiti wanashuku urithi huohuo. Na Lodwar, mji wa Turkana, unakua haraka. Kipimo cha presha kisikosekane huko.