Majira, Uhamisho na Tafsiri: Istilahi katika Somo la Hisabati

Mtoto wa Vwawa, mkoani Songwe, huweza kuzungumza Kinyiha nyumbani, akajifunza hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akaipokea kwa Kiingereza sekondari. Hoja yangu ni kwamba istilahi iliyoelezwa vyema humvusha.

Tuchukue pembetatu yenye vipeo (1, 1), (3, 1) na (2, 4). Tukiihamisha hatua 4 kulia na 2 juu, kila kipeo huongezewa kiasi kilekile: (5, 3), (7, 3) na (6, 6). Umbo, ukubwa na uelekeo havibadiliki. Hubadilika mahali tu. Mwalimu aweza kulianza somo hili shambani, kwenye safu za mibuni.

Majira kwa baharia ni njia ya chombo; kwa mkulima wa Mbozi ni wakati wa mvua. Basi majira ya nukta ni maana ya tatu, nayo haina budi kufunzwa. Aidha, Kiingereza hutumia neno moja kwa uhamisho wa umbo na kwa tafsiri ya lugha. Mwanafunzi akilitafuta katika kamusi akapata "tafsiri", atatafuta maneno ya kufasiri ilhali ametakiwa kusogeza umbo. Kiswahili kimezitenga dhana hizo. Tusiiache tofauti hiyo mlangoni mwa sekondari.