Mfereji au Mlango? Istilahi ya Ioni za Moyo na Usalama wa Dawa

Tunapofundisha uundaji wa istilahi, tumezoea kuchukua mifano kutoka sheria na kompyuta. Makala haya yanachukua mfano kutoka taaluma ya dawa, ambako neno lisilofaa laweza kumficha msomaji jambo linalohusu uhai wake.

Kila pigo la moyo huanzishwa na umeme. Umeme huo ni mwendo wa ioni, yaani chembe zenye chaji, zikipita katika utando wa seli. Sodiamu huingia na kuiamsha seli. Kalsiamu huingia na misuli hujikaza. Potasiamu hutoka na seli hutulia, ikingoja pigo lijalo. Kila ioni ina njia zake zilizojengwa kwa protini.

Njia hiyo yaweza kuitwa "mfereji". Tatizo ni kwamba kwa baadhi ya wasemaji mfereji ni mtaro, na kwa wengine ni bomba la maji. Mtaro huwa wazi wakati wote, ilhali njia ya ioni hufunguka na kufungika. Hivyo basi, "mlango wa ioni" hueleza zaidi, mradi tusiuchanganye na vali za moyo, ambazo hupitisha damu.

Tutazame terfenadini, dawa ya mzio iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1985. Kwa kawaida ini huibadilisha karibu yote kabla haijaufikia moyo. Lakini kwa wagonjwa waliotumia pia ketokonazoli, dawa ya fangasi, ini lilizuiwa kufanya kazi hiyo. Terfenadini ikalundikana mwilini na kuuziba mlango wa potasiamu uitwao hERG. Seli zikachelewa kutulia, mapigo yakavurugika, na baadhi ya wagonjwa wakafa. Mwaka 1998 dawa hiyo iliondolewa katika soko la Marekani. Halofantrini, dawa ya malaria, nayo huuziba mlango huohuo.

Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2005 ilielekeza dawa mpya zipimwe kwanza kwenye seli zenye mlango wa hERG, kisha kwa watu, kwa kipimo cha umeme wa moyo (ECG). Hata hivyo, si kila dawa inayouziba mlango huo ni ya hatari. Verapamili huuziba, lakini huziba pia ule wa kalsiamu, na mvurugiko huo wa mapigo huwa nadra.

Mwanafunzi akiielewa picha ya mlango, ataweza kumweleza mgonjwa kwa nini daktari humwuliza: "Unatumia dawa gani nyingine?"