Utengemao wa mapafu

Utengemao wa mapafu ni tiba inayounganisha mazoezi, elimu na ushauri, ikitolewa sambamba na dawa kwa watu wenye ugonjwa sugu wa mapafu, wakiwemo wale ambao mapafu yao yamebaki na makovu. Makovu hayo yanaweza kusababishwa na kifua kikuu, vumbi la migodini, au kutokea bila chanzo kujulikana.

Mvuvi wa Ujiji au Kibirizi, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, anaweza kumaliza miezi 6 ya dawa za kifua kikuu, makohozi yakapimwa na kukutwa hayana vimelea, lakini akashindwa kuvuta wavu au kupanda mwinuko wa kutoka ziwani kwenda mjini Kigoma. Majirani husema ugonjwa umerudi; pengine mgonjwa huanzishiwa tena dozi asiyoihitaji. Kumbe kilichobaki ni kovu.

Jinsi inavyosaidia

Kovu ni tishu ngumu isiyotanuka vizuri, na oksijeni hupita humo kwa shida. Mgonjwa akiona anahema, huacha kutembea. Misuli ya miguu hulegea, nayo misuli dhaifu huchoka upesi, hivyo anahema zaidi kwa kazi ileile. Mazoezi hayaondoi kovu: huimarisha misuli ili itumie vizuri oksijeni kidogo inayopatikana.

Dawa nazo zina mipaka. Pirfenidoni na nintedanibu, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa makovu yasiyo na chanzo kinachojulikana, hupunguza kasi ya ugonjwa tu, tena ni ghali.

Mazoezi yenyewe

Kwanza mgonjwa hupimwa, mara nyingi kwa umbali anaotembea katika dakika 6. Kisha hutembea kwa mwendo unaomhemesha lakini bado aweze kuongea, huketi na kusimama kwenye kiti mara kadhaa, na kuinua chupa za maji. Vifaa vya bei kubwa si lazima. Huko Kampala, Uganda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watu 34 waliowahi kuugua kifua kikuu walianza mazoezi ya wiki 6, na 29 wakamaliza. Uwezo wao wa kutembea uliongezeka.

Anayekohoa damu, anayeumwa kifua au ambaye midomo yake inageuka rangi ya bluu aache mazoezi na kwenda hospitalini. Mwenye kifua kikuu kinachoambukiza bado hachanganywi na wengine kwenye mazoezi ya kikundi.